Ukuta wa Kilimanjaro uliomvunja Taylor, ukampisha Messner

KIGOMA kupanda juu si habari ngeni. Toka Gungu, tembea kidogo nje ya mji, hukosi kumkuta jamaa juu ya mchikichi, kitanzi cha kamba kimezunguka shina na kiuno chake, anaangusha mikungu ya chikichi bila presha. Sasa mwambie mtu wa Gungu kwamba kuna watu duniani wamepata jina kubwa kwa kupanda mawe. Swali lake litakuwa moja tu: si wamefungwa kamba? Wanaogopa nini?

Swali zuri, na jibu lake ndiyo mchezo wenyewe.

Kitanzi cha mkwezi wa mchikichi kinapanda naye. Anayetangulia kwenye mwamba mambo yake ni tofauti, kamba yake haitokei juu, inatokea chini, kwa mwenzake anayemwachia kidogo kidogo. Kila baada ya mita kadhaa lazima aipitishe mahali. Akikuta chuma kilichokazwa na waliomtangulia, anapachika pete, anapumua. Asipokikuta, anachomeka kabari yake mwenyewe kwenye ufa, anaivuta kuijaribu, kisha anaiamini. Akiwa mita 3 juu ya kabari ya mwisho na akateleza, anaanguka mita 6, na zaidi kidogo kwa kuwa kamba inavutika. Kabari ikichomoka je? Acha kabisa.

Weka hayo yote kwenye mwamba uliojitokeza mbele kama paa la jukwaa kuu. Miguu haibebi tena uzito, mikono ndiyo inabeba. Misuli inajaa, vidole vinaanza kufunguka vyenyewe. Kuchomeka kabari kunataka mkono mmoja uwe huru, maana yake mwingine unabeba mwili mzima. Ni kama timu inayoongoza 1-0 dakika ya 85 ugenini: upaki basi ukichoka umo humo, au uende mbele ukiacha nyuma wazi? Wengi wanaoanguka, wameanguka wakiwa bado wanafikiria.

Tanzania ina ukuta wa namna hiyo, tena mlima wenyewe unaujua. Upande wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, mbali na njia za watalii, upo ukuta unaoitwa Breach Wall. Sehemu yake ya juu mwamba umejitokeza nje, na miaka ile ilining'inia hapo nguzo ya barafu iliyounganisha barafu ya chini na ya juu. Mwamba mbovu, barafu nyembamba, na hakuna chuma cha mtu aliyetangulia.

Januari 1978 Wamarekani wawili, Rob Taylor na Henry Barber, waliufuata. Hawakuwa wanagenzi, Barber hasa alikuwa staa wa mchezo huo. Taylor ndiye aliyetangulia kwenye nguzo. Barafu ikamkatalia, akaanguka, kifundo cha mguu kikavunjika. Fikiria mchezaji anavunjika mguu halafu hakuna machela, hakuna daktari wa timu, na uwanja wenyewe umesimama wima. Barber alimshusha kwa kamba ukuta ule, kisha ikabidi amwache peke yake akatafute msaada. Taylor alipona, akaja kuandika kitabu, The Breach.

Mwezi huohuo, tarehe 31, Reinhold Messner wa Italia na mwenzake Konrad Renzler walifika palepale. Wakapanda ukuta wote kwa saa 12. Mwezi Mei mwaka huo Messner na Peter Habeler wakafika kilele cha Everest bila mitungi ya oksijeni, dunia nzima ikaimba hilo, na kazi ya Kilimanjaro ikabaki ya wajuzi. Si haki sana. Everest alikuwa na njia iliyojulikana, lakini ukuta huu ulikuwa umetoka kumvunja mtu wiki chache tu kabla.

Anayetaka kumfuata leo ana tatizo jingine. Tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mwamba uliojitokeza bado upo palepale, ila ile nguzo aliyopandia Messner si ya kutegemea tena.