Filta ya Oili: Ya Kwanza, Iliyochelewa Kuliko Zote na Inayofaa Zaidi Barabara za Singida

Kati ya Misigiri na Shelui, malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Kongo hukutana na mlima Sekenke. Dereva hushuka gia, injini hunguruma kwa nguvu zake zote, na oili hupata moto. Kila chembe ya vumbi au chuma iliyomo kwenye oili hiyo huzungushwa tena na tena kwenye shafti, beringi na silinda. Anayezuia chembe hizo zisiiue injini ni filta, kitu ambacho wenye magari wengi hawajawahi hata kukishika mkononi. Singida ina upepo mkali, ina vumbi, na gereji zake ziko mbali mbali. Mkoa wa namna hii unastahili kujua filta zilitokea wapi na ipi inaufaa.

Ya kwanza

Heshima hii ni ya Ernest Sweetland, mvumbuzi wa California, aliyeleta filta ya oili ya Purolator mwaka 1923. Mwaka uliofuata gari jipya la Chrysler lilitoka kiwandani likiwa nayo. Kabla ya hapo magari mengi yalikwenda bila filta. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kufikisha zaidi ya magari milioni 15, haikuwa hata na pampu ya oili. Gurudumu la injini lilirusha oili juu, nayo ikashuka yenyewe kwenye vyuma. Kinga pekee ya mwenye gari ilikuwa kumwaga oili mara kwa mara.

Watu wa Singida wana sababu ya kumkumbuka Sweetland. Mashine za alizeti za mkoa huu humalizia kazi kwa kusukuma mafuta kwa shinikizo yapite kwenye vitambaa ili yatoke meupe. Kabla hajagusa magari, Sweetland alikuwa ameshajijengea jina kwa mashine za kuchujia kwa shinikizo, zilizotumika kwenye viwanda vya sukari na uchenjuaji wa madini. Kwa hiyo mafuta ya kupikia na oili ya gari vimepitia mikono ya ufundi ule ule.

Filta zake za mwanzo zilikuwa na upungufu mkubwa. Zilichuja takriban asilimia 10 tu ya oili kwa wakati mmoja, na iliyobaki ilikwenda kwenye injini na uchafu wake. Waliamini kwamba baada ya mizunguko mingi yote ingekuwa imepita.

Badiliko kubwa kuliko yote

Badiliko hilo halionekani kwa nje. Kuanzia miaka ya 1940 wahandisi walianza kuipitisha oili yote kwenye filta kabla haijafika kwenye beringi. Hapo likaibuka swali la hatari: filta ikiziba, injini itakula nini? Jibu lao ni vali ndogo yenye springi. Oili ikishindwa kupita kwenye karatasi, vali hufunguka na kuiacha ipite bila kuchujwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana oili chafu huimaliza injini taratibu, lakini injini iliyokosa oili hunoki ndani ya dakika chache.

Dereva anapaswa kulielewa hili vizuri. Filta iliyoziba haiwashi taa yoyote. Gari linaendelea kutembea kama kawaida, na anayeendesha kutoka Itigi kuelekea Rungwa hana habari kwamba oili yake imeacha kuchujwa siku nyingi.

Gari lililokaa muda mrefu zaidi bila filta

Ni Volkswagen Kobe. Kwa zaidi ya miaka 50 lilikuwa na wavu wa chuma tu chini ya injini, uliofungwa kwa nati 6 ndogo, na oili yake ilikuwa lita 2.5. Fundi aliutoa wavu, akauosha kwa petroli na kuurudisha. Wavu huzuia vipande vikubwa, lakini vumbi laini hupita. Hata hivyo gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, likipita kwenye vumbi na matope ambayo magari ya bei kubwa zaidi yalishindwa. Kinga ya mwenye gari ilikuwa kumwaga oili kila kilomita 5,000 bila kukosa. Filta ya kweli ililifikia katika miaka ya 1990, likiwa linatengenezwa Meksiko.

Wavu wenyewe haujafa. Umo kwenye pikipiki za Kichina zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, zile zile zinazobeba abiria Singida mjini, Kiomboi na Manyoni. Bodaboda wengi humwaga oili kwa wakati, ila wavu hawaufungui kamwe.

Inayochafua mikono kuliko zote

Waliokarabati Land Rover za zamani hawatabisha. Filta yake ilikaa ndani ya bakuli la chuma lililoshikwa na boliti moja ndefu. Ukilegeza boliti, oili inakumiminikia hadi kwenye viwiko. Kisha ilibidi uchokonoe mpira wa zamani ulioganda kwenye mfereji wake, maana ukiuacha na kuweka mpya juu yake, oili itavuja yote njiani. Gari hilo lilijengwa kwa ajili ya nchi kama yetu, lakini filta yake ilihitaji karakana yenye meza safi.

Iliyotawala dunia

Kampuni ya WIX ya North Carolina, Marekani, ilileta mwaka 1954 filta ya kopo: karatasi iliyokunjwa, vali na mpira vyote vimefungwa ndani ya kopo moja la chuma linalosokotwa kwa mkono. Likichakaa unalitoa na kufunga jipya. Kwangu mimi huu ndio ubunifu bora kuliko wote kwenye historia hii. Uko kwenye IST na Probox zinazojaa barabara zetu. Fundi asiye na spana yake anaweza kulishika kwa msasa likalegea, na likigoma kabisa hulitoboa kwa bisibisi na kulizungusha.

Karatasi yake ya kawaida hukamata chembe za maikroni 20 hadi 30, wakati unywele wa binadamu una takriban maikroni 70.

Ya ajabu kuliko zote

Filta ya Frantz, ya Marekani, ilichuja oili kwa karatasi ya chooni, na ilipendwa sana katika miaka ya 1950 na 1960.

Isiyohitaji tundu la kuchujia

Malori ya Scania yana kisafishio kinachozunguka kwa msukumo wa oili yenyewe, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Uchafu hurushwa pembeni na kuganda ukutani kama tope zito. Lori likizimwa, utakisikia kikiendelea kulia kwa muda. Kisiposikika, mwite fundi.

Iliyorudi baada ya kusahaulika

Magari mapya yamerudia karatasi tupu ndani ya nyumba yake, safari hii nyumba ikiwa ya plastiki kwenye magari mengi. Ulaya ilianza katika miaka ya 1990 ili kupunguza makopo ya chuma yanayotupwa, na Toyota nyingi za karibuni zinafuata. Wazo ni zuri. Lakini mfuniko wa Toyota unataka spana yake maalumu ya milimita 64 na kukazwa kwa nyutonimita 25 tu. Ukikazwa kwa nguvu ya mabega unapasuka, na mpira wake usipobadilishwa unavuja.

Kwa hiyo, kwa safari ndefu za Singida, filta ya kopo bado ndiyo ninayoipa ushindi, mradi isiwe feki. Iliyo feki mara nyingi huwa na karatasi chache na haina mpira wa kuzuia oili isirudi chini, ndiyo maana injini hugonga kila asubuhi inapowashwa. Nunua kwenye duka linalotoa risiti, badilisha filta kila unapomwaga oili, na simama hapo uone kazi ikifanyika. Na oili chafu isimwagwe kwenye mitaro inayoelekea maziwa ya Singidani na Kindai, kwa sababu hakuna filta itakayoitoa humo.