Bahari Moja, Zana Mbalimbali: Namna Makundi Yanayovutana Yanavyoweza Kukubaliana

Kuanzia Tiwi na Diani hadi Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, ugomvi mwingi wa pwani yetu huanzia ufukweni, mapema asubuhi. Mwenye malema anakwenda kuangalia mitego yake na kuikuta imekokotwa na juya. Vijana wa juya nao wanarudi na kukuta maafisa wanawasubiri, wameitwa na mtu wa bandari hiyo hiyo. Kabla ya jioni maneno yameshafika sokoni, msikitini na kwa chifu, na watu waliokuwa wakiazimana chambo hawasalimiani tena.

Makala haya yanaeleza namna makundi ya aina hii yanavyoweza kukaa, kukubaliana na kufanya kazi pamoja. Tumechukua mfano wa wavuvi, lakini hatua zenyewe zinafaa pia kwa mkulima na mfugaji wanaogombania maji, au vijiji viwili vinavyogombania mpaka.

Kila upande una haja yake

Juya limepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2001, kwa tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali lililokataza pia bunduki za kupigia samaki. Sababu inajulikana. Juya huburutwa chini ya bahari, huharibu nyasi za bahari na matumbawe, na macho yake madogo hayachagui: samaki ambaye hajazaa hata mara moja huingia humo humo.

Kama sababu inajulikana, mbona juya bado linavutwa mahali pengi? Kwa sababu linahitaji mikono mingi, na kijana asiye na mtumbwi, mshipi wala pesa anaweza kujiunga leo akala leo. Wavu ni wa tajiri, yeye analeta nguvu zake tu. Ukimwambia aache bila kumwambia ataanza kazi gani kesho, hukumpa sababu ya kukusikiliza.

Kuna pia mtu ambaye mara nyingi hasemi kikaoni: mama karanga. Akina mama wanaokaanga samaki na kuuza mitaani hununua zaidi samaki wadogo wa bei nafuu, kwa kuwa wakubwa huchukuliwa na wachuuzi wenye mtaji. Juya likiondoka ghafla, karai lake ndilo la kwanza kupoa. Makubaliano yaliyofanywa na wanaume wawili bila yeye yana tundu tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo pa kutofautisha msimamo na haja. Msimamo wa mmoja ni "juya liondoke", wa mwingine ni "juya libaki". Misimamo hiyo haikutani. Lakini haja za wote zinakaribiana: mwenye malema anataka mitego yake isiguswe na samaki wakue, kijana anataka kipato cha kila siku, mama karanga anataka samaki wa bei anayoimudu, na hata tajiri wa wavu hataki bahari iwe tupu. Mazungumzo yakianzia kwenye haja, kuna kitu cha kujadili.

Diani na Gazi: njia mbili

Historia yetu wenyewe inafundisha. Mwaka 1995 eneo la Diani hadi Chale lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Kwa sheria, hifadhi ya aina hiyo huruhusu uvuvi wa kienyeji. Hata hivyo wavuvi wengi walipinga. Walikuwa wameona Kisite, ambako uvuvi hauruhusiwi kabisa, na wakahofia kwamba hata wao watafungiwa bahari. Mpango huo haukushika. Pengine hifadhi yenyewe haikuwa na ubaya ambao wavuvi waliuogopa, lakini tangazo lilitangulia maelewano, na hofu ikajaza nafasi ya maelezo.

Sasa tazama Ghuba ya Gazi. Katika miaka ya 1970 mikoko ya hapo ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwandani, na sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Miche ilianza kupandwa tena, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ikawa bega kwa bega na wenyeji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa ambayo miti hiyo imeihifadhi. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Gazi nako kulikuwa na watu wenye haja zinazogongana: anayetaka boriti za kujengea, anayetaka kuni, na mvuvi anayejua kwamba samaki wadogo hulelewa kwenye mizizi ya mikoko. Mambo matatu yaliwasaidia. Kwanza, walioambiwa wasikate walipewa njia nyingine: mivinje ilipandwa ili iwape nguzo na kuni. Pili, vijiji viwili viliingia kama washirika, kila kimoja kikiwa na watu wake kwenye kamati. Tatu, pesa zilionekana. Matumizi yake yaliamuliwa na wanakijiji mkutanoni, na yakaenda kwenye vitu ambavyo hata mpinzani hutumia, kama vile maji na vitabu vya shule.

Kule kusini karibu na mpaka, vijiji vitatu vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilifuata njia hiyo hiyo kwa msitu wao wa mikoko. Waliunda chama cha msitu na kukiita VAJIKI, herufi mbili mbili kutoka jina la kila kijiji. Hakuna aliyemezwa na mwenzake.

Hatua za kufuata

1. Zungumza na kila upande peke yake kwanza. Uliza: "Mkikosa mnachotaka, mtapoteza nini?" Swali hilo hutoa haja zilizofichwa nyuma ya msimamo.

2. Tafuta msimamizi anayekubalika na pande zote. Anaweza kuwa mzee, imamu, mchungaji, mwalimu mstaafu au afisa wa serikali. Asiwe na wavu, shamba wala mnunuzi wake katika ugomvi huo.

3. Chagua saa inayofaa watu. Kikao cha wavuvi kisiitishwe wakati vyombo viko baharini, wala jioni akina mama wakiwa kwenye karai. Katika vijiji vingi Ijumaa baada ya swala hufaa, maana wavuvi wengi hawaendi baharini siku hiyo.

4. Anzeni na jambo dogo ambalo wote wanalikubali. Kusafisha bandari, kurekebisha banda la samaki, au kuweka alama za maboya mahali malema yalipo. Watu waliokwisha kufanya kazi moja pamoja husikilizana zaidi wanapofika kwenye jambo gumu.

5. Jueni kinachojadilika na kisichojadilika. Kikao cha kijiji hakiwezi kuhalalisha zana iliyopigwa marufuku. Kinachoweza kujadiliwa ni namna vijana wa juya watakavyohamia kazi nyingine, nani atatangulia kupata zana halali, eneo gani lipumzishwe samaki wazaane, na nani alinde. Zana zenyewe zinaweza kuboreshwa: hapa pwani yamejaribiwa malema yenye upenyo mwembamba unaowaacha samaki wadogo watoke.

6. Andikeni. Makubaliano yaseme mipaka, tarehe, faini, atakayesimamia, na siku ya kuyapitia upya. Yasomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili na kwa Kidigo panapohitajika, kabla ya kutiwa sahihi.

Neno kuhusu "wageni"

Ugomvi wa zana mara nyingi hugeuka ugomvi wa asili ya mtu. Pwani yetu imepokea wavuvi kutoka Pemba kwa vizazi, na wengi wao walizaliwa papa hapa. Mwaka 2023 Serikali iliitambua jamii ya Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya. Kwa hiyo swali la kikao liwe zana gani, eneo gani na msimu gani. Mwenyeji anayevuta juya na mwenye asili ya Pemba anayevuta juya wanafanya jambo lile lile mbele ya sheria.

Mahali pa kuanzia

Kwa mambo ya uvuvi, mlango wa kwanza ni BMU ya bandari yako. Kanuni za uvuvi zinazipa BMU uwezo wa kujiwekea sheria ndogo, na kamati yake inatakiwa iwe na wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi na wanawake. Kama kamati yenu ni ya kundi moja tu, anzieni hapo. BMU jirani zinaweza pia kuungana kuandaa mpango wa pamoja, kama zilivyofanya za eneo la Shimoni hadi Vanga, maana samaki hajui mpaka wa bandari.

Kwa mambo ya msitu, nenda kwa chama cha jamii cha msitu. Kwa ardhi, maji na malisho, anza na mzee wa kijiji, chifu au msimamizi wa wadi. Katiba, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za kijadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za mtu. Palipo na kuumizwa mtu au kuharibiwa mali, toa taarifa polisi. Upatanisho haufuti kosa la jinai.

Makubaliano si mwisho wa tofauti. Mwenye malema na kijana aliyeacha juya bado watabishana, na hilo ni la kawaida. Kilichobadilika ni kwamba sasa wana mahali pa kubishania, wana maandishi ya kurejelea, na wanajua siku ya kukutana tena. Kama bandari yenu haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, Ijumaa hii inatosha kuanza.