Kuhamia kwa mwenzako mwenye madeni: lipi lake, lipi lako?

Dada mmoja wa hapa London alihamia kwa mchumba wake siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi akaokota mlangoni barua tatu za wadai, zote kwa jina la bwana. Akanipigia simu: "Kaka, sasa na mimi nadaiwa?"

Jibu la sheria za England na Wales ni hapana. Deni aliloingia mtu kwa jina lake peke yake hubaki lake, hata mkifunga ndoa. Wala kukaa nyumba moja hakuunganishi rekodi zenu za mikopo. Kinachoziunganisha ni saini. Mkifungua akaunti ya pamoja, au mkikopa pamoja kununua nyumba, kampuni za Experian, Equifax na TransUnion huandika kwamba mna uhusiano wa kifedha. Tangu hapo, benki utakayoiomba mkopo inaweza kutazama rekodi ya mwenzako kabla ya kukujibu.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kukataa akaunti ya pamoja kunaonekana kama kumshuku mwenzio. Lakini akaunti hiyo ikitumiwa kupita kilichomo, benki inaweza kumdai mmoja wenu deni lote, si nusu. Mkataba wa pango mliousaini wawili ni vivyo hivyo. Na ukimtolea kadi ya pili kwenye akaunti yako ya mkopo, anachonunua yeye utalipa wewe. Kwa maoni yangu kila mtu abaki na akaunti yake, mshahara wake uingie humo, na bili mgawane kwa kutumiana fedha.

Iko bili moja isiyongoja saini: kodi ya halmashauri. Wanaoishi kama mume na mke huwajibika wote kwa kodi yote tangu siku ya kuhamia, ingawa malimbikizo ya kabla ya hapo si yako. Kama alikuwa akipata punguzo la asilimia 25 kwa kukaa peke yake, toeni taarifa mapema, maana halmashauri ikigundua italidai.

Madalali wa mahakama je? Hawaruhusiwi kuchukua mali yako kwa deni lake, ila lazima uweze kuonyesha kwamba ni yako. Tunza risiti za televisheni na kompyuta. Vitu mlivyonunua kwa pamoja vinaweza kuchukuliwa.

Kila mtu anaweza kupata ripoti yake ya mikopo bure, kwa hiyo kabla ya kubeba masanduku, kaeni na chai kila mmoja aweke yake mezani. Lakini kwetu sisi karatasi ile haisemi yote. Haionyeshi mkopo wa benki ya Dar es Salaam au Nairobi, wala fedha za tiketi alizokopeshwa na mjomba. Haionyeshi upatu: mtu aliyekwisha kupokea zamu yake na bado ana miezi minane ya kuchangia, huyo anadaiwa, na wanaomdai wanajua mnapokaa. Hayo itabidi uyaulize kwa mdomo.

Jambo jingine huwaponza hasa Watanzania. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawadhania kuwa mume na mke watu walioishi hivyo kwa miaka miwili. England haina dhana hiyo, na nikaha isiyosajiliwa kiserikali haihesabiwi kuwa ndoa mbele ya sheria. Ukimsaidia kulipia nyumba iliyo kwa jina lake bila maandishi, mkiachana huenda ukatoka mikono mitupu.

Mwenye madeni naye asiachwe azame. StepChange, National Debtline na Citizens Advice hutoa ushauri bure, na tangu Mei 2021 mshauri wa madeni anaweza kumwombea mtu siku 60 ambazo wadai wengi husimamisha riba na kumfuatafuata.

Yule dada ameiarifu halmashauri na kuhifadhi risiti zake kwenye bahasha. Barua zikija humwekea bwana mezani, na Jumapili huzifungua wote wawili.