Atakayeleta Si Aliyeleta



Hivi karibuni nilikuwa Tukuyu, mvua ikinyesha kama kawaida yake. Mama mmoja, mkulima wa maparachichi, akanionyesha karatasi ya mnunuzi wake: "Mkulima atakayeleta maparachichi yaliyoiva hatalipwa." Mzigo wake ulipokelewa siku tisa kabla karatasi ile haijaandikwa, lakini kanyimwa fedha. "Mwanangu, ndivyo karatasi ilivyosema," akaniambia. Nikamjibu kuwa karatasi haikusema hivyo.

Tuitazame. Wakati ujao huundwa kwa -ta-: nitaleta, utaleta, wataleta. Katika kukanusha, -ta- haiguswi. Hubadilika mwanzo tu: sitaleta, hutaleta, hawataleta. Vitenzi vifupi hubaki na ku-: nitakula, atakuja. Hayo hata mtoto wa shule ya msingi anayajua.

Kazi huanza tunapoingiza ye, yo, cho na wenzao. Hapo -ta- hurefuka ikawa -taka-: atakayeleta, yatakayotokea, kitakachonunuliwa. Ni kitenzi taka kinachojitokeza, maana -ta- yenyewe ilitokana nacho. Mitaani husemwa "atayeleta", na hata sisi watangazaji hutuponyoka.

Waingereza nao neno lao la wakati ujao, will, lilianza likiwa na maana ya kutaka. Wahispania walishika njia nyingine: hukiacha kitenzi kizima, kisha hukibandika mwishoni mabaki ya kitenzi haber, yaani kuwa na. Hablar ni kusema. Hablaré ni nitasema, hablarán ni watasema. Comer, kula, hutoa comeré. Vivir, kuishi, hutoa viviré. Viishio ni vilevile kwa vitenzi vyote vya kawaida. Laiti na sisi tungepumzishwa hivyo!

Turudi kwa mama yetu. Atakayeleta ni yule ambaye, siku karatasi inaandikwa, alikuwa bado hajaleta. Aliyekwisha kuleta anaitwa aliyeleta, na neno hilo halimo humo. Tulipiga mstari chini ya -taka-, akaenda kwa mnunuzi na stakabadhi yake yenye tarehe.

Jioni alirudi na jibu: "Tutakulipa." Akaniuliza, "Hiyo -ta- yao ni ya lini, mwanangu?" Swali zuri. -ta- yetu haitofautishi kesho na mwaka kesho. Nikamshauri arudi asubuhi, adai tarehe kwa maandishi.