Mmeshinda viza ya kwenda majuu mkiwa wawili? Kaeni kikao kabla ya ndege

Kama umekulia Kisii au Nyamira, lazima umewahi kusindikiza mtu. Unajua hiyo siku ilivyo. Matatu mbili zimekodiwa, mathe na shangazi wamevaa nguo za harusi, mchungaji ameombea pasipoti, na kila mtu amebeba sanduku ingawa wanaosafiri ni wawili tu. Mnapiga picha Keroka, mnapiga picha Narok mkinywa chai, mnapiga picha tena nje ya JKIA. Halafu wasafiri wanaingia ndani, na nyinyi mnarudi nyumbani mkianza kuhesabu miezi kabla pesa hazijaanza kuingia.

Mimi nilisindikiza binamu yangu na mke wake Novemba 2023. Binamu alikuwa mwalimu wa sekondari Nyamira, wale wanaolipwa na bodi ya shule huku wakisubiri kuajiriwa na TSC. Shemeji alikuwa na saluni Keroka. Walikuwa wanaelekea Minnesota. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tukirudi kwenye matatu nilijiambia hawa wawili wameomoka, imeisha hiyo.

Miezi minne baadaye shemeji alinitumia ujumbe wa sauti saa tisa usiku. Alikuwa analia. "Shem, ndugu yako amepanda basi ameenda Texas. Sijui kama anarudi."

Ndiyo maana ninakuandikia. Wamenikubalia nisimulie, mradi nisitaje majina. Sisi watu wa huku tunajua sana namna ya kwenda. Namna ya kufika mkiwa wawili na mkabaki wawili, hiyo hakuna anayetufundisha.

Fomu mbili, mshindi mmoja

Walienda kwa njia ya bahati nasibu ya viza, ile sote tunaiita Green Card. Ilianzishwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990 na ikawekewa kikomo cha viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mshindi anaenda na mume au mke wake, pamoja na watoto wasiozidi miaka 20 na ambao hawajaoa wala kuolewa. Wachumba hawahesabiwi. Mnatakiwa muwe mmeoana kisheria.

Mke na mume wanaruhusiwa kujaza kila mmoja fomu yake, mradi amtaje mwenzake. Hivyo ndivyo walivyofanya Oktoba 2021, kwenye saiba moja Nyamira. Majibu yalipotoka Mei 2022, fomu ya binamu ilikuwa imeanguka. Ya shemeji ilikuwa imeshinda.

Nyumbani tulisherehekea bila kuuliza hiyo inamaanisha nini. Lakini shikilia hapo kidogo. Mwanamume wa Kigusii, kifungua mimba, mwenye digrii, anaingia Marekani akiwa "mume wa mshindi". Jamaa alicheka na sisi, ila leo ananiambia lilimkaa moyoni tangu siku hiyo.

Halafu pesa. Ada ya viza peke yake ilikuwa dola 330 kwa kila mtu. Ongeza vipimo vya daktari Nairobi, tiketi mbili za ndege na nguo za baridi. Jumla ilikaribia laki nne. Mzee aliuza miti ya mikalatusi iliyokuwa imebaki kwenye mpaka wa shamba, akaongeza bonasi ya majani chai. Chama cha shangazi kikakopesha elfu themanini. Harambee ikamaliza. Kwa hivyo siku tunawapungia mkono, walikuwa tayari wana deni na wana wanahisa. Na wanahisa ndio sisi.

Chumba cha chini

Kwa nini Minnesota, mahali ambapo Januari maji yanaganda kwenye mito? Kwa sababu watu wetu wako huko. Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, kuna Wakisii wengi kiasi kwamba unaweza kwenda kanisani ukasikia Ekegusii tangu tangazo la kwanza hadi maombi ya mwisho. Unafikia kwa mtu wa kwenu, anakuonyesha ofisi, anakupeleka kununua koti, anakuunganisha na kazi. Bila huyo mtu utateseka.

Lakini mwenyeji naye ana maisha yake. Waliwekwa chumba cha chini ya ardhi, godoro moja, dirisha dogo juu karibu na dari. Waliambiwa kwa heshima kwamba wana wiki sita. Sasa hesabu mwenyewe: huna gari, basi la mji linapita mbali, nje theluji, na kila mkilala mnasikia nyayo za mwenye nyumba juu ya vichwa vyenu zikienda zamu.

Wiki za kwanza ni za karatasi. Na hapa kuna kitu wengi hawajui: viza ya ukaazi iliyogongwa muhuri uwanjani inakubalika kama uthibitisho wa ukaazi kwa mwaka mmoja. Huna haja ya kukaa ukingoja kadi yenyewe ndipo utafute kazi. Kadi hutumwa kwa posta kwenye anwani mliyoandika, kwa hivyo msiandike anwani ya mtu mnayepanga kumhama kesho kutwa. Na mkihama, sheria inawapa siku 10 kuwajulisha watu wa uhamiaji.

Chinsoni

Kazi inayowapokea watu wetu wengi ni kuhudumia wazee na wagonjwa. Wanaiita CNA, yaani msaidizi wa muuguzi aliyethibitishwa. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo ya angalau saa 75, kisha mtihani wa maandishi na wa vitendo. Na sikiza hii vizuri: makao ya wazee yakishakuajiri au kukuahidi kazi, hayaruhusiwi kukutoza pesa za mafunzo hayo. Ukiona mtu anataka umlipe wewe ukiwa tayari na barua ya kazi, uliza maswali.

Shemeji alianza darasa wiki ya tatu. Kufikia Januari alikuwa amevaa sare, analipwa dola 19 kwa saa. Mwanamke aliyezoea kuosha nywele za watu Keroka hakuona ajabu kumwosha bibi wa miaka 90. "Ni mtu tu, shem," aliniambia. "Anataka maji yawe na moto na usimharakishe."

Binamu alikataa. Sisi huku tulisema ana kiburi cha digrii. Kiburi kilikuwepo, sitamtetea. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na kama wewe ni Mgusii unakijua. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu kati ya kizazi na kizazi. Huwezi kuona uchi wa mtu wa rika la mama yako. Hata kuna mzaha huwezi kufanya baba akiwepo. Sasa unamwambia huyu mtu avae glavu akambadilishe pampasi mama wa watu? Hakuwa na maneno ya kumweleza mke wake, kwa hivyo alinyamaza. Na mke, anayerudi saa tano usiku miguu imevimba, aliusoma huo ukimya kama uvivu.

Alitafuta ualimu. Kila jimbo lina leseni yake ya ualimu, na kabla ya hapo digrii yako ipelekwe ikakaguliwe na kulinganishwa na za kwao. Miezi, na pesa. Akatuma maombi ya ofisi, kimya. Akapakia mizigo kwenye bohari wiki mbili, mgongo ukakataa. Nyumba ikawa ya mke, simu ikawa ya mke, hata sukari ikawa ya mke.

Kilomita 1,500

Machi jamaa mmoja waliyesoma naye akampigia kutoka Dallas. Huku kuna joto, huku kuna Wakenya, huku unaendesha lori unajaza akaunti. Binamu alipanda basi usiku huo huo. Minneapolis hadi Dallas ni takriban kilomita 1,500, karibu sawa na kutoka Kisii hadi Mombasa halafu urudi. Hakuaga. Aliacha karatasi mezani.

Alipofika alikuta mambo mawili. Kwanza, tangu Februari 2022 huwezi kufanya mtihani wa leseni ya lori kubwa kwa mara ya kwanza kabla ya kupita kwenye shule iliyosajiliwa, na hizo shule hulipiwa. Pili, leseni yenyewe hutolewa na jimbo unakoishi. Yeye kila karatasi yake ilisema Minnesota. Rafiki hakumdanganya, ila alikuwa amesahau kumwambia kwamba yeye mwenyewe alianza kwa mwaka mzima wa kulala kwenye kochi.

Nisikudanganye, kuzunguka majimbo si vibaya. Watu wamehama Minnesota wakaenda Texas, Washington au Maryland na wakapata kilicho bora. Tofauti ni kama mmehama mkifuata kazi iliyoandikwa kwenye barua, au mmoja wenu anakimbia meza ya chakula.

Alikaa siku tisa.

Tunajua kuzidisha, hatujui kutoa

Wakati hayo yanaendelea, sisi nyumbani tulifanya nini? Tulipiga simu. Mzee alitaka kujua lini nyumba itaanza kujengwa. Shangazi alikumbusha chama. Mimi mwenyewe, na naandika hii kwa aibu, niliomba simu mpya.

Tulikuwa na hesabu yetu. Dola 19 mara saa 40 ni 760 kwa wiki. Mara wiki nne ni 3,040. Mara shilingi 130, karibu laki nne kila mwezi! Mtu wa laki nne anakosaje elfu ishirini za kutuma?

Sasa toa. Kabla hata ya kodi ya mapato, asilimia 7.65 inakatwa ya pensheni na bima ya uzeeni. Ikifuata kodi yenyewe. Nyumba ya chumba kimoja waliyoipata ilikuwa dola 1,200, na siku ya kuingia walidaiwa ya mwezi wa kwanza pamoja na amana. Gari kuukuu, bima ya gari, mafuta, simu, chakula. Mshahara mmoja, watu wawili. Kuna mwezi walibaki na dola 60. Tulikuwa tumejifunza kuzidisha peke yake, wala hakuna aliyetaka kujua kutoa.

Na usifikiri ni sisi tu. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na nchi iliyoongoza ni Marekani. Tunaposoma hiyo takwimu kwenye habari tunafurahia. Ndani yake kuna watu wanaotuma kisha wanakula mkate na chai.

Kikao

Aliyewaokoa si mchungaji wala wazee wa ukoo. Ni mama mmoja wa Nyamira aliyekuwa zamu moja na shemeji, yuko huko miaka mingi. Binamu aliporudi kutoka Dallas, mama huyo aliwakalisha na kalamu. Aliwauliza maswali manne, akakataa kuondoka kabla hayajajibiwa kwa maandishi.

Deni la nyumbani ni la nani na litalipwa kwa miezi mingapi? Walijibu: letu sote, miezi kumi, na kabla halijaisha hakuna ujenzi.

Nani anatumia wazazi wa nani, na kiasi gani? Walijibu: kiasi sawa pande zote mbili, na mtu akiomba zaidi anajibiwa na mtoto wake mwenyewe. Binamu ndiye anayemwambia mzee hapana, si shemeji.

Nani anarudi shule kwanza? Hapa walikaa hadi saa saba usiku. Mwisho wakaandika: shemeji kwanza, asomee uuguzi. Ndiye aliye karibu na mlango.

Na la nne alimgeukia binamu. Ni nini hasa kinakuzuia kufanya hii kazi? Ndipo kwa mara ya kwanza alilitaja neno chinsoni mbele ya mke wake. Shemeji anasema alishangaa. Miezi minne alikuwa anapigana na kiburi, kumbe ilikuwa ni aibu. Kuna nyumba za kutunza wanaume na vijana wenye ulemavu, na huko wanahitaji watu. Binamu akaanza huko Aprili, zamu za usiku. Leo shemeji yuko darasani mchana. Deni lilikwisha Februari 2025. Ualimu bado ameuweka kwenye orodha, mstari wa pili.

Sasa wewe

Huenda hutaki Marekani. Huenda ni Ujerumani, iliyotia saini makubaliano ya ajira na Kenya Septemba 2024, au ni Ghuba, au Kanada. Siasa za kwao zinaweza kufunga mlango wowote bila kukuuliza, kwa hivyo usiuze shamba kwa ajili ya ahadi. Wakala anayekutafutia kazi nje awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha iko mtandaoni. Na mtu akikwambia mfanye ndoa ya karatasi ili umbebe kwenye viza yako, mkatalie. Ni ulaghai, na ukijulikana unapoteza kila kitu.

Lakini kama mnaenda wawili, maswali manne ya yule mama hayahitaji viza. Yanaweza kujibiwa hapa hapa, kwenye kibanda cha chai Daraja Mbili.

Mimi na mpenzi wangu tuliyajaribu Jumamosi iliyopita. Yeye anasomea uuguzi, mimi nina simu na blogu. Swali la tatu lilichukua dakika moja, tunajua nani anaenda shule kwanza. Swali la kwanza lilituchukua saa mbili, maana ilibidi nimwambie kuhusu deni la karo ambalo sikuwa nimewahi kumtajia. Alinyamaza. Chai ikapoa. Kisha akachukua kalamu akaliandika juu kabisa ya karatasi, chini ya neno "letu", akaweka alama ya kuuliza.

Hiyo alama bado ipo. Tunakutana tena Jumamosi hii.