Jacques Plante, kipa aliyetoka langoni

Novemba 1, 1959, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, shuti la Andy Bathgate lilimpata usoni Jacques Plante, kipa wa Montreal Canadiens. Alitolewa akivuja damu, akashonwa. Wakati huo timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, hazikuwa na desturi ya kuweka kipa wa akiba benchi, kwa hiyo mchezo ulisimama kumsubiri. Plante akamweleza kocha wake, Toe Blake, kwamba harudi langoni bila barakoa aliyokuwa akiivaa mazoezini. Blake hakuitaka hata kidogo, ila hakuwa na mtu mwingine. Canadiens wakashinda 3-1.

Kinachopigwa katika hoki hiyo ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na huweza kwenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Clint Benedict alijaribu barakoa ya ngozi mwaka 1930 kwa muda mfupi tu. Makipa waliendelea kucheza uso wazi, na aliyejikinga alionekana mwoga. Plante alijibu kwa matokeo: msimu huohuo Canadiens walitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, kwa mara ya tano mfululizo.

Barakoa ndiyo iliyompa umaarufu, lakini kazi yake kubwa zaidi aliifanya kwa miguu.

Kabla yake, kwa kawaida kipa alibaki mbele ya wavu. Sasa fikiria wapinzani wanapokisukuma kisahani hadi nyuma ya lango, kisha wanakikimbilia. Beki analazimika kuwapa mgongo watu wanaomjia kwa kasi. Plante aliliona tatizo hilo. Akawa anatoka, anakwenda nyuma ya lango, anakituliza na kumwachia beki, au yeye mwenyewe anampasia mwenzake. Mashabiki walishika vichwa. Ilihitaji moyo, maana ukikosea, lango liko wazi.

Alishinda Tuzo ya Vezina, ya makipa, mara 7, na mwaka 1962 akatwaa Tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi. Alifariki Geneva mwaka 1986.

Warithi wake, hasa Martin Brodeur, walikuwa hodari mno wa kupasia hata mwaka 2005 NHL ikachora mistari nyuma ya lango kuwawekea makipa mpaka. Mistari hiyo ipo hadi leo.