Namba ya Ki-67 inaeleza nini kuhusu saratani ya mifupa?

MTU anapogunduliwa kuwa na saratani ya mifupa, swali la kwanza la jamaa zake huwa moja: je, atapona? Ili kulijibu, madaktari hutazama mambo kadhaa, na mojawapo ni kasi ya kugawanyika kwa seli za uvimbe.

Kasi hiyo aghalabu hupimwa kupitia protini iitwayo Ki-67. Iligunduliwa mnamo 1983 na Johannes Gerdes na wenzake mjini Kiel, Ujerumani, na herufi za jina lake zatokana na mji huo. Protini hii hupatikana katika kiini cha seli inayojiandaa kugawanyika au inayogawanyika. Seli iliyopumzika huwa haina.

Maabarani, kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili inayonasa protini hiyo, kisha rangi. Mtaalamu huhesabu kwa hadubini viini vilivyoshika rangi. Vikiwa 30 katika kila seli 100, ripoti husema asilimia 30.

Mfupa una ugumu wake. Sharti kwanza ulainishwe kwa kuondolewa madini ya kalisi, na asidi kali huweza kuharibu protini, namba ikaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Osteosakoma ndiyo saratani inayoanzia mfupani ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, hasa karibu na goti. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa wagonjwa wenye Ki-67 ya juu wamo katika hatari zaidi ya ugonjwa kusambaa na kusababisha kifo.

Hata hivyo, matokeo ya tafiti hayalingani, na hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kutenganisha namba nzuri na mbaya. Isitoshe, dawa nyingi za saratani hulenga seli zinazogawanyika kwa kasi. Kwa hivyo, namba ya juu pekee si hukumu ya kifo.

Vigezo viwili vina uzito zaidi. Cha kwanza ni iwapo saratani imefika mapafuni inapogunduliwa. Cha pili ni jinsi uvimbe ulivyoathiriwa na dawa kabla ya upasuaji: asilimia 90 au zaidi ikiwa imekufa, matumaini huongezeka.

Kabla ya miaka ya 1970, kukata mguu au mkono kulipokuwa ndiyo tiba kuu, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ndiye aliyenusurika. Leo, palipo na dawa kamili na upasuaji, sita hadi saba kati ya kumi ambao ugonjwa haujasambaa huishi zaidi ya miaka mitano.

Ndiposa kuwahi hospitalini ni muhimu kuliko namba yoyote. Kijana anayelalamikia maumivu ya goti yasiyokoma kwa wiki kadhaa, hasa usiku, au mwenye uvimbe unaokua, asidhaniwe ameumia kandandani tu. Apigwe eksirei mapema.